Nimepita kazi nne, sasa nataka kuandika riwaya. Nianzie wapi?

Mpimaji wa Konde

Assalaam alaykum nyote. Umri wangu miaka 47, niko Pemba. Nimekuwa karani wa mizani kwenye kituo cha karafuu, nimesomesha skuli ya msingi, nimekaa mapokezi hotelini Unguja, na sasa niko idara moja ya Serikali. Nataka kuandika riwaya. Si kumbukumbu za maisha yangu. Riwaya, yenye watu wa kubuni.

Nina kurasa 40 za mkono. Kila nikizisoma naona ni maelezo ya kazi tu: mizani inafanya hivi, mgeni anapokewa vile, halafu basi. Hazendi. Je, kazi zote hizi nizitie kitabu kimoja au nichague? Urefu wake uwe kiasi gani? Muda wangu ni saa moja na nusu kwa siku, na kompyuta niliyonayo ni ya ofisi. Nikimaliza nimpelekee nani? Kuna aliyenishauri nisubiri kiinua mgongo nichapishe mwenyewe. Na umri huu, si nimechelewa?

Naomba majibu ya vitendo. Lile la "andika kutoka moyoni" nimeshalisikia, ahsanteni.

Mkono wa Mhariri

Wa alaykum salaam ndugu yangu Mpimaji. La umri tulitoe njiani kwanza maana ndilo jepesi. Mohamed Said Abdulla, aliyemzua Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya zake, alizaliwa 1918. Alianza kazi akiwa bwana afya, akaingia kwenye magazeti, kisha akahariri Mkulima, jarida la kilimo. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1960, baada ya mswada kushinda shindano la East African Literature Bureau, naye kashaingia miaka ya arubaini. Ya pili ikaja 1968, na nyengine zote baada ya hapo. Na tizama Bwana Msa anavyopeleleza: anaingia nyumba za watu kwa adabu, anauliza, anakagua kitu kidogo ambacho wenye nyumba hawakijali. Mwandishi aliyekuwa bwana afya! Mie sidhani kuwa ni bahati tu.

Tuje kwenye kurasa 40. Kazi humpa mwandishi vitu vinne: pahala, vyombo, maneno ya pale, na ngazi, yaani nani anamwamrisha nani na nani anamuogopa nani. Kitu cha tano haikupi, nacho ni fundo. Fundo ni mtu anayetaka jambo, mwengine mwenye uwezo wa kumzuia, na muda unaokwisha. Kurasa zako zina vile vinne, hiki cha tano hazina, ndiyo maana hazendi.

Chukua hiyo mizani. Karani anachota konzi moja ya karafuu, anaichota katikati ya gunia na si juu, maana juu ndiko zinakotiwa zilizokauka vizuri. Anazifinya. Iliyokauka inachoma kiganja, ukiikunja inavunjika. Ambayo bado inapinda. Mpaka hapo ni maelezo. Sasa watie watu. Mwenye gunia anadaiwa na wachumaji, nao wamekaa nje ukutani wanamngoja. Jua la kuanikia limekuwa haba wiki nzima, na wingu linajikusanya tena upande wa Micheweni. Karani akizipokea na unyevu wake, gunia la kilo 50 likapoteza asilimia 6 ghalani, hizo ni kilo 3 zitakazotafutwa kwenye daftari lake. Akizikataa, mwenye gunia atarudi nazo nyumbani mbele ya wale wanaomngoja, na mmoja wao ni shemeji wa karani. Konzi ile ile, kiganja kile kile, lakini sasa msomaji anataka kujua mkono utafunguka vipi. Hukuhitaji maiti wala jini.

Kwa hivyo fanya hivi. Pitia kurasa 40 na kalamu nyekundu, na kwenye kila ukurasa uliza: hapa nani anataka nini, na nani anamzuia? Ukurasa usio na jawabu upige mstari. Usiutupe. Yaliyomo yahamishie daftari la pembeni uliite ghala, uwe unachota humo kijiko kijiko pale tukio linapodai. Msomaji atavumilia mistari mitatu minne ya utaalamu kwa mkupuo mmoja ikiwa kuna mtu roho iko juu. Kurasa mbili hatozivumilia hata kama zote ni za kweli.

Kuhusu kazi nne kitabu kimoja: usifanye. Kila pahala pa kazi panataka watu watano au sita wenye majina. Kazi nne ni watu ishirini na kitu, na kitabu chako hakitozidi kurasa 200. Msomaji atakuwa anarudi nyuma kutafuta huyu Juma ni yupi. Mhusika mkuu mpe kazi moja. Kazi ya pili mpe mtu anayegongana naye, kwa mfano dada yake yuko hotelini. Ualimu na ofisi viache kwa kitabu chengine.

Urefu: maneno 50,000 hadi 60,000. Usijipime na riwaya za Kiingereza za maneno 90,000. Kiswahili kinabeba mengi ndani ya neno moja. "Nitakapomwambia" kwetu ni neno moja, wao watatumia manne matano. Kwa saizi ya A5 na herufi za ukubwa wa 11, ukurasa unachukua kiasi cha maneno 300, basi maneno 55,000 ni kurasa 183 hivi.

Saa moja na nusu inatosha. Maneno 400 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 2,000. Wiki 28 ni 56,000. Rasimu ya kwanza hiyo, miezi saba. Iache wiki tatu kamili bila kuifungua, halafu iandike tena; rasimu ya pili haichukui chini ya miezi minne. Atakayekwambia miezi mitatu kila kitu, muulize kitabu chake kinauzwa wapi.

Bi Shungi

Kaka Mpimaji, kompyuta ya ofisi iache kabisa, hata kwa kupiga chapa rasimu ya mwisho. Ikiharibika fundi anaifuta yote, ukihamishwa unaiacha, na siku mkigombana na mkubwa wako utakuja kuulizwa ulikuwa ukifanya nini saa za kazi.

Nunua kaunta buku la kwaya 3, jalada gumu. Lina kurasa 288. Andika ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto ni wa masahihisho na wa kujikumbusha ("huyu mtu sura ya 2 alikuwa na kovu"). Kwa hati ya kawaida ukurasa unachukua maneno 200 hadi 220, kwa hivyo kulia peke yake buku moja ni kiasi cha maneno 30,000. Riwaya nzima ni mabuku mawili. Ukiandika pande zote utaokoa pesa ya buku moja, na masahihisho utayabana ukingoni kwa herufi za sisimizi ambazo wewe mwenyewe hutoweza kuzisoma.

Kalamu iwe ya kawaida, ya wino mzito. Zile za wino wa majimaji zinaandika kwa raha, lakini masika unyevu ukiingia karatasi inalowana na herufi zinatawanyika. Buku usiliweke kwenye kabati la ukutani linalopakana na choo wala chini ya godoro. Ukungu utalianza mgongoni, kwenye gundi. Weka juu, panapopita upepo. Kila Ijumaa zipige picha kurasa za wiki kwa simu na ujitumie kwenye barua pepe yako. Si kwenye kundi la familia, tafadhali. Ukishatia sura kwenye kundi la WhatsApp, wiki ijayo utaikuta inazunguka bila jina lako.

Anayeandikia simu moja kwa moja: zima kwanza ile kusahihisha maneno yenyewe. Inageuza maneno yetu kuwa ya Kiingereza kimya kimya, na makosa hayo ndiyo magumu kuyaona kwenye prufu (nakala ya kusahihishia) kwa sababu neno limeandikwa sawasawa, ila silo.

Wakati mzuri ni baada ya sala ya alfajiri mpaka saa 1. Usiku nyumba ina watu, na umeme una mambo yake. Ramadhani hamishia baada ya daku, na punguza iwe maneno 200. Ukijilazimisha 400 utaacha siku ya tano na kurudi ni baada ya sikukuu, kama utarudi. Na kabla ya kufunga buku, andika upande wa kushoto mistari miwili ya kitakachofuata kesho. Mtu asiyejua anaanzia wapi anapoteza nusu saa kunoa kalamu.

Kamba na Fundo

Nakubaliana na Mhariri karibu kote, ila hajasema ramani. Mtu mwenye saa moja na nusu kwa siku hawezi kwenda kwa kubahatisha. Chukua karatasi 18, kila moja sura moja, kila sura kiasi cha maneno 3,000: jumla 54,000. Juu ya kila karatasi andika mstari mmoja wa kilichobadilika ndani ya sura hiyo. Ukishindwa kuuandika mstari huo, sura haipo bado.

Riwaya nyingi za kwanza hufia sura ya 7 au ya 8, pale zinapopata maneno 20,000. Sababu ni kuwa mwandishi alianza na siri moja, akaila yote mwanzoni. Dawa yake ni kuwa na maswali mawili tokea sura ya kwanza. Dogo (je, atagunduliwa kuwa alipokea karafuu mbichi?) lijibiwe katikati, kwenye sura ya 9, na jawabu lake ndilo lilifungue lile kubwa (kumbe kilo zilizopotea hazikuwa za unyevu). Karatasi zipange sakafuni, zitizame kwa kusimama. Utaona wapi sura tatu mfululizo watu wamekaa barazani wanazungumza tu. Baraza ni tamu lakini ni mtego wetu sisi watu wa visiwani: tukiwakalisha wahusika hatujui kuwainua.

Jengine: mtu aliyefanya kazi nyingi hujiamini sana kwa kumbukumbu zake, na kumbukumbu hukosea miaka. Msomaji wa Zanzibar atakusamehe msuko mbovu. Kosa la mwaka hatokusamehe, na atalisema msikitini. Mifano.

Tukio lako liko mjini Unguja Januari 2010 na friji inanguruma? Haiwezekani, labda uitaje jenereta. Umeme Unguja ulikatika Disemba 10, 2009 ukarudi Machi 2010, na kabla ya hapo ulikatika tokea Mei 21 mpaka Juni 18, 2008. Pemba hadithi yake mbali: ilikuwa na majenereta yake Wesha, na waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umefika 2010. Basi mtu wa Chake angeweza kumpigia simu nduguye wa Mjini na kumhurumia kwa giza. Ukilitumia hilo unapata tukio zuri bure.

Mkulima wa mwani Paje mwaka 1980 hayupo. Kilimo hicho kilianza pwani ya mashariki ya Unguja 1989. Bei ya shilingi kwenye tukio la 1930 haipo, ilikuwa rupia. Shilingi imeingia 1936.

Na maji ya bahari! Hapa ndipo wanapoanguka hata watu wa pwani. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa, na bamvua kwetu hujaa kiasi cha saa 10, alfajiri na alasiri, na hukupwa kiasi cha saa 4, asubuhi na usiku. Ukiandika "mwezi mpevu ulichomoza, maji yamekupwa mpaka mwambani, wakaenda kwa miguu wakati wa magharibi", kila mvuvi atakifunga kitabu hapo. Magharibi ya bamvua maji ndiyo kwanza yanashuka. Kama unawataka waende kwa miguu usiku, ngoja saa 4.

Kwa mambo ya zamani nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Usiende kutafuta "historia". Nenda na maswali matano yaliyoandikwa (nauli ya meli, bei ya mchele, tangazo la sinema gani), na soma magazeti ya wiki unayoiandikia, hasa kurasa za matangazo. Siku moja inatosha. Siku ya pili unakuwa umeshaanza kukimbia kuandika.

Mpimaji wa Konde

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nina mawili. Wahusika wangu ni watu wa Konde na Micheweni. Waseme Kipemba au Kiswahili cha vitabuni? Na la pili ndilo linalonitia hofu: Pemba ndogo. Nikiandika karani mla rushwa, watu watamjua. Hata kama simjui mimi mwenyewe.

Mtoto wa Chake

La Kipemba nijibu mie. Masimulizi yote weka Kiswahili sanifu. Mazungumzo ndiyo uyatie Kipemba, na usiyatie chote. Chagua alama tatu au nne uzishike mpaka mwisho wa kitabu. Mfano: mtu mzima wa shamba anasema "ntu", "nkono", "ntoto", hiyo N ya mwanzo peke yake inatosha kumpa sauti. Ukianza kuandika kila neno kama linavyotamkwa, msomaji wa Unguja ataanza kusoma kwa sauti, wa Dar ataacha, na wewe mwenyewe sura ya 10 utakuwa umeshasahau sura ya 2 uliandikaje. Weka orodha kwenye ukurasa wa mwisho wa buku: neno, ulivyoliandika, nani analisema.

Halafu watu wote wasiseme sawa. Bibi ni Kipemba kizito. Aliyekaa Unguja miaka kumi anachanganya. Karani akiwa ofisini anasema sanifu, akighadhibika Kipemba kinamtoka. Hapo lugha inafanya kazi ya kuonyesha, huhitaji kuandika "alighadhibika sana". Lakini tafadhali usimpe Kipemba yule mchekeshaji peke yake na wenye akili wote ukawapa sanifu. Tumeshachoka na hilo.

Maneno ya karafuu yaache kama yalivyo, usiyatafsiri wala usitie faharasa nyuma. "Aliyatenga makonyo kwenye jamvi jengine" inajieleza yenyewe, asiyejua makonyo ataona kuwa si karafuu na yanatengwa. Neno ukilionea shaka tizama Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) la 2010. Maneno mengi ya kwetu yamo humo ambayo kwenye kamusi nyengine utayakosa. Na skuli iandike skuli. Mhariri wa Bara akiigeuza "shule" mrejeshee, mwambie mhusika hajasoma huko.

Mkono wa Mhariri

Kuhusu kujulikana. Kubadilisha jina peke yake si kumficha mtu, huku kwetu mtu anajulikana kwa mwendo. Mhusika mbaya badilisha vitu vitatu kwa pamoja: kituo (kijiji cha kubuni, si Konde), umbile na familia, na namna ya kosa lenyewe. Hili la tatu ndilo watu wanalisahau. Kama kosa lililotokea kweli ni la kupunguza kilo kwenye mizani, kwenye riwaya lifanye la risiti mbili. Mtu hulalamika akiliona tendo lake, si pua yake. Mkuu wa kituo usimpe cheo ambacho kisiwa kizima kina mtu mmoja tu wa kukishika.

Vitu vya ofisini ulipo sasa, barua, majadala, majina ya waliokuja na shida zao, usiviguse kabisa. Umeajiriwa bado. Na usitegemee ile sentensi ya mbele ya kitabu inayosema wahusika wote ni wa kubuni. Ni adabu nzuri, lakini haifuti kitu kama mtu anatambulikana kwa kila dalili.

Kabla ya mswada kutoka, mpe msomaji mmoja anayejua kazi hiyo na mmoja asiyeijua. Wa kwanza muulize: nimekosea wapi, na umemuona nani? Wa pili muulize: ulichoka ukurasa gani? Usiwaulize kama ni kizuri. Watakwambia kizuri, ndiyo adabu yetu, na utakuwa hukupata kitu.

Muuza Vitabu, Darajani

Kuhusu kiinua mgongo: usiguse. Kwanza kustaafu kwa lazima ni miaka 60, ungoje miaka 13 ya nini. Pili, tizama hesabu. Bei zifuatazo ni za mfano tu, ya kweli kaulize kwa wapigachapa watatu. Tuseme nakala moja inakugharimu 6,000 na unapiga 500: ni milioni 3. Unaiuza 12,000. Duka linachukua asilimia 35, yaani 4,200, kwako zinarudi 7,800. Ili milioni 3 irudi tu, bila faida ya senti, uuze nakala 385. Bado hujahesabu mizigo ya boti, nakala za bure za jamaa (na jamaa huku ni wengi), na maduka yanayolipa baada ya miezi sita. Riwaya isiyosomeshwa skuli inauzwa mkono kwa mkono. Nakala 385 mkono kwa mkono ni kazi ya pili.

Kama lazima uchape mwenyewe, anza na 100 au 150 kwa mashine ya dijitali. Bei ya nakala moja ni kubwa zaidi, hasara yako ni ndogo zaidi. Ile mitambo ya sahani (ofseti) inapendeza kuanzia 500 kwenda juu kwa sababu gharama kubwa iko kwenye kuitayarisha, na haijali unapiga ngapi. Idadi ya kurasa iwe inagawika kwa 16, maana karatasi kubwa hukunjwa kurasa 16 kwa 16. Zile 183 za Mhariri pamoja na za mbele jaza 192, ndizo karatasi 12 kamili. Ukija na 195 unalipia ya kumi na tatu nzima, na kurasa 13 tupu. Muombe mpigachapa nakala moja ya mfano, ifungue katikati mpaka ilale, uiache juani dirishani siku mbili kisha uifungue tena. Gundi mbovu kwa joto letu inaachia na kurasa zinatoka kama majani. Maboksi usiyaweke sakafuni. Tia mbao chini.

Njia bora kwa mswada wa kwanza ni tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, zote zinapokea miswada. Masharti soma yale ya mwaka huo huo, hubadilika. Wengi hutupwa nje kabla ya kusomwa: jina la mwandishi limeachwa ndani ya mswada pale pasipotakiwa, au kurasa hazina namba, au kaleta sura tatu wakati panatakiwa kitabu kizima. Mswada ulioshindwa tuzo haukuharibika, upeleke kwa mchapishaji: barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema mpaka mwisho (usimfiche mchapishaji mwisho wa hadithi, yeye si msomaji), na sura tatu za mwanzo. Ngoja miezi mitatu ndiyo ukumbushe.

Mkataba ukija, mrabaha wa asilimia 10 ni wa kawaida, lakini uliza kumi ya nini. Kitabu cha 10,000 kikiuzwa dukani kwa punguzo la 35, kumi ya bei ya jalada ni 1,000 na kumi ya kilichoingia ni 650. Neno moja kwenye mkataba, theluthi ya pesa yako. Angalia pia kama umeuza haki za filamu na za redio bila kujua, na kama kuna kifungu cha kurejeshewa haki kitabu kikishaisha dukani na hakichapwi tena.

Hakimiliki ni yako tokea ulipoandika, ila kasajili COSOZA, ile jumuiya ya hakimiliki ya Zanzibar, kabla hujaanza kutawanya, ili ukiibiwa uwe na cha kuonyesha. Namba ya ISBN, ile ya tarakimu 13 ya kukitambulisha kitabu, mchapishaji hukuchukulia yeye. Ukichapa mwenyewe utaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe kabla jalada halijachorwa. Nimesema kabla.

Mpimaji wa Konde

Nimezipitia 40 na kalamu nyekundu. Zimebaki 11. Ya mizani imo lakini mwanzo wake siupendi, nawawekea hapa:

"Mizani ilikuwa ni chombo muhimu sana kituoni pale, ambacho kilitumika kupimia karafuu za wakulima wote wa eneo lile, na kila mkulima alitakiwa kusubiri zamu yake."

Ina nini?

Mkono wa Mhariri

11 si haba. Sentensi hii haina mtu. "Ilikuwa ni chombo ambacho kilitumika" ni lugha ya ripoti, imekufuata kutoka ofisini. Kila ukiona "ambacho" kwenye rasimu simama ujiulize kama huwezi kuiondoa. Kuwa mizani ni ya kupimia tunajua. Kuwa ni muhimu tutaona. Kilichobaki na uhai ni kusubiri zamu, nacho umekitia mwisho kama mzigo. Mchukue mmoja wa wanaosubiri, mpe anachokitaka, mtizamishe pahala. Kwa mfano:

"Bi Asha hakuitizama mizani. Aliutizama mkono wa karani, ulivyozama ndani ya gunia lake mpaka kiwikoni."

Maneno 15, na tayari zile karafuu za katikati ya gunia zina jambo. Endelea kutoka hapo, na mkono usiufungue kabla ya ukurasa wa tatu.

Bi Shungi

Upande wa kulia tu, kaka.